Maji Yaliyokuwa Meupe Mno

Daktari alikiinua kile kichupa dirishani, akakitazama, akasema, "Maji yako ni meupe mno, mama." Nilikuwa nimelala ubavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani, wifi yangu amenishika mabega nisitikisike. Nikasema alhamdulillahi moyoni. Maji yametoka kwenye uti wa mgongo yakiwa meupe kama ya chupa, nani asishukuru? Miezi ilipita kabla sijajua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa habari mbaya kuliko zote nilizopewa wiki ile. Maji yale yalijaa fangasi. Kilichokosekana ni seli nyeupe za damu, zile ambazo zikija kwa wingi maji huingia ukungu kama yaliyosuuza mchele. Zangu hazikuja. Ubongo ulikuwa umevamiwa, na mwili wangu ulikuwa kimya.

Ilikuwa Juni 2019, Morogoro. Mimi ni fundi cherehani.

Niligundulika kuwa na VVU mwaka 2014, kliniki ya wajawazito. Nikaanzishiwa dawa za ARV siku ileile, kidonge kimoja kila usiku. Mtoto wangu akazaliwa, akanyonya, akaachishwa, na kila alipopimwa hakukutwa na virusi. Baba yake alikuwa ameshaondoka. Mwaka 2017 nikaolewa tena, na huyu mume wa pili sikumwambia. Vidonge nilivihamishia kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, juu yake vifungo vya mashati. Kopo lile lilikuwa linalia. Nikilifungua usiku, hata nilifungue kwa upole gani, vifungo vinagongana, na mimi nasimama gizani nikisikiliza kama mwenzangu amegeuka kitandani. Nilivumilia miezi kadhaa. Novemba ya mwaka huohuo nikaacha kulifungua. Nilikuwa nimenenepa, nashona mpaka usiku, sina hata kikohozi. Nikajiambia kwamba nimeshapona.

Mwishoni mwa 2018 ulimi wangu ukaota utandu mweupe. Nikapaka ile dawa ya zambarau, GV, nikasukutua kwa maji ya chumvi, ukapungua, ukarudi. Hiyo ilikuwa barua ya kwanza na sikuisoma. Utandu ule ni fangasi pia, wa aina nyingine, anaitwa kandida. Anaishi kinywani mwa watu wengi bila kusumbua, kwa sababu kuna seli T zinazotoa ujumbe uitwao interlukini 17, na ujumbe huo huita neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, zije zilinde ngozi laini ya kinywa. VVU huziua seli hizo mapema. Kinywa hubaki hakina wa kupiga kelele, naye kandida hutandaza mkeka.

Kichwa kilianza Aprili. Si kuuma kwa kawaida. Kilikuwa kizito kama kimejazwa mchanga, na asubuhi nikiinuka nahisi macho yanasukumwa kutoka ndani. Nilimeza Panadol kwa pakiti. Kituo kimoja binafsi kiliniambia nina taifodi, nikamaliza dozi, nikarudi, nikaambiwa taifodi tena. Wiki ya 6 nilikaa kwenye cherehani nikashindwa kutunga uzi. Niliona sindano mbili. Nikafumba jicho moja, ikabaki moja. Nikafumbua, zikawa mbili, zimesimama sambamba, na sikujua ya kweli ni ipi. Nikalaza kichwa juu ya kitambaa cha mteja nikalia. Wifi yangu ndiye aliyenikuta hapo, akasimamisha bajaji.

Hospitali waliuliza, "Kuna dawa yoyote unayotumia?" Wifi alikuwa nyuma yangu. Nikasema hapana. Lilikuwa jibu la kweli, na bado nililiona kama uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Walipima wenyewe. Seli zangu za CD4 zilikuwa 19. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 katika kila maikrolita ya damu. Kisha wakatoa tone la damu, wakalitia kwenye kipimo kidogo cha ukanda, na baada ya dakika 10 ikatokea mistari miwili: nina fangasi aitwaye kriptokokasi kwenye damu. Ndipo ikaja sindano ya mgongo.

Kulikuwa na jambo moja siku ile ambalo silisahau. Daktari alitaka kujua maji ya kichwani yana presha kiasi gani, na kipimo chenyewe hakikuwepo. Akaunganisha mpira wa dripu kwenye sindano iliyokuwa mgongoni mwangu, akauinua wima, maji yakaanza kupanda ndani ya mpira. Akamuuliza nesi, "Rula iko wapi?" Rula haikuonekana. Wifi akasema, "Huyu ni fundi, futi yake iko kwenye mkoba." Wakaitoa futi yangu ya kupimia nguo, nesi akainyoosha kando ya mpira bila kuugusa. Sentimita 38. Kawaida haifiki 20. Daktari akayaacha maji yatoke taratibu, na yalipokuwa yakitoka nilihisi mchanga unapungua kichwani, nikafumbua macho, nikaona nesi mmoja tu.

Usiku ule nilimwambia wifi. Nilianza kwa kumuomba radhi, naye akasema, "Wifi, mimi nilisikia majibu yote, nilikuwa nakungoja wewe useme." Kesho yake nikamwambia mume wangu. Alikaa kwenye benchi la wodi bila kunena neno, akaondoka, akarudi jioni na uji. Ijumaa alikwenda kupima, akakutwa na virusi, akaanza dawa wiki ileile. Kama ni mimi niliyempa, au alikuwa nao kabla yangu, sitajua kamwe. Nimelibeba hilo na nitaendelea kulibeba. Hajawahi kunisimanga.

Sasa niseme kuhusu kijana wa maabara, maana yeye ndiye aliyenifungua macho. Wiki ya 2, nilipoanza kutembea, nilipita dirishani kwake kuulizia majibu. Alikuwa amechanganya tone la maji yangu na wino mweusi kwenye kioo. Akaniambia, "Njoo uwaone." Nikainamia darubini. Uwanja wote ulikuwa mweusi kama usiku wa Ramadhani kabla mwezi haujaandama, na ndani yake kulikuwa na miduara myeupe inayong'aa, mingine imeshikana na kijiduara kidogo pembeni kama mama na mtoto mgongoni. "Hao wanazaliana," akasema. "Ule weupe unaowazunguka ni koti lao. Limefumwa kwa sukari, linateleza, na wino haupenyi." Nikamuuliza, "Na askari wangu wako wapi?" Akasogeza kioo huku na huku kwa muda mrefu. "Hapa simwoni hata mmoja," akasema. "Ila dada, CD4 si askari kama mlivyofundishwa. CD4 hamli fangasi. CD4 ni mwenye kutoa habari. Wanaokula wapo. Hawajaambiwa."

Neno hilo lilinikaa. Tangu 2014 nilikuwa nimeambiwa CD4 ni askari, zikipungua askari wamepungua, na mimi nilikuwa nazihesabu kama mtu anavyohesabu noti. Sikuwahi kufikiri kwamba seli zinaambiana kitu. Nilipopata nguvu nikaanza kuuliza kila aliyekuwa na subira ya kunijibu, na baadaye nikahudhuria mafunzo, nikasoma nilichoweza kusoma. Haya ndiyo niliyoyaelewa, na nayasema kwa lugha ya fundi.

Kriptokokasi anaishi kwenye udongo, kwenye mashimo ya miti mikongwe, na hasa kwenye kinyesi kikavu cha njiwa. Upepo ukivuma tunamvuta. Wewe unayesoma huenda ulishamvuta usijue. Ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu hukaa makrofeji, seli mlaji, inayopapasa kila kinachoingia. Ina vipokezi vya kushika sukari zilizo kwenye ukuta wa fangasi, lakini kriptokokasi akishavaa koti lake, sukari hizo hufichika na mshiko huteleza. Pembeni kuna seli nyingine yenye matawi kama mizizi, wanaiita seli ya dendriti. Hii humeza fangasi, humkatakata, kisha hufanya jambo ambalo kila nikilisimulia nasisimka: inang'oka ilipokuwa. Inaota kipokezi kipya kiitwacho CCR7, na kwa hicho inanusa kemikali inayotoka kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba tunaziita mitoki. Inaifuata harufu hiyo hadi kwenye tezi, imekibeba kipande cha fangasi juu ya ngozi yake, kama vile mimi ninavyotembea Kariakoo na kipande cha kitambaa mkononi, duka hadi duka, nikitafuta kinachofanana nacho.

Ndani ya tezi kuna seli T nyingi mno, na kila moja imeumbwa na umbo lake. Nyingi hazilingani na kipande kile. Zinakigusa, zinapita, mpaka ije ile inayolingana. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Seli ya dendriti hutoa interlukini 12, na seli T ya CD4 iliyosikia hujigawa tena na tena, ikawa ukoo mzima wenye ujumbe mmoja. Ukoo huo hutoka kwenye tezi, huingia kwenye damu, hubiringika juu ya ukuta wa mshipa mpaka ufike mahali penye alama za uvimbe, hushikilia, hujipenyeza katikati ya seli za ukuta, hutokea upande wa pili. Seli inayotambaa kwenye nyama huenda takribani maikromita 10 kwa dakika. Nilipiga hesabu: urefu wa mshono mmoja wa cherehani yangu, milimita 2.5, ni safari ya saa 4 na zaidi. Ikifika, hutoa interferoni gama. Makrofeji ikiupokea ujumbe huo ndipo hupata ukali wa kumuua fangasi iliyokuwa imemmeza.

Ujumbe usipofika, makrofeji humeza na kubaki imemeza. Fangasi anaishi tumboni mwake, anazaliana humohumo, na wakati mwingine anatoka nje akiwa hai na kumwacha mwenyeji wake hai. Wanasayansi walilichapisha hilo mwaka 2006. Waliona kwa darubini makrofeji ikimtapika fangasi na kuendelea na safari yake. Na kwa kuwa makrofeji ni seli ya kutembea, inaweza kumbeba fangasi ndani ya damu na kumvusha ule ukuta unaolinda ubongo. Mlinzi akageuka mchukuzi. Nilipolielewa hili nilikaa kimya siku nzima. Hakuna seli yangu iliyonisaliti. Zilimeza kila zilichopaswa kumeza, zikatembea kila zilipopaswa kutembea, na hakuna aliyezipa neno.

Kuna daktari mmoja aliniambia kwamba fangasi walikuwa na sehemu katika mwanzo wa elimu hii. Mwaka 1884 Elie Metchnikoff alichapisha alichokiona ndani ya dafnia, mdudu mdogo wa majini ambaye mwili wake unapenyeza mwanga kama kioo. Dafnia alikuwa amemeza spora za hamira moja yenye umbo la sindano, zikatoboa utumbo wake, na Metchnikoff akaziona seli zinazotembea zikizikusanyikia na kuzila. Zilipowahi, mdudu alipona. Zilipozidiwa, alikufa. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Nafarijika kujua kwamba mmoja wa watu wa mwanzo kuziona seli zikiitikia wito aliziona zikiukimbilia ugonjwa wa ukoo wa ule ulionilaza mimi.

Dawa ilikuwa amfoterisini B, dripu kila siku kwa siku 14, pamoja na vidonge vya flukonazoli. Kila jioni ilipoingia mwilini nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Wakanipa maji mengi na dawa ya kurudisha potasiamu, wakanitoboa mgongo mara 5 kwa jumla. Sitaeleza zaidi, aliyepitia anajua.

Kilichonishinda kukielewa ni hiki. Nilikuwa nimeshabadilika. Nilikuwa nimesema kwa mume, kwa wifi, kwa mama yangu kule Kilosa. Nikamwambia daktari, "Nipe ARV leo, nameza mbele yako." Akakataa. Akasema nisubiri wiki 5. Niliona ananiadhibu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akanieleza kwamba Uganda na Afrika Kusini walilipima jambo hilo kwa wagonjwa 177, matokeo yakatoka mwaka 2014: walioanzishiwa ARV mapema, ndani ya wiki 1 hadi 2, walikufa asilimia 45 katika miezi 6; waliosubiri wiki 5, asilimia 30. Na waliodhurika zaidi kwa kuanza mapema ni wale ambao maji yao yalikuwa na seli chache sana. Kama yangu. ARV zinarudisha CD4, na CD4 zikirudi zinakuta nyumba imejaa mizoga na makoti ya fangasi, zinaanza kuita zote kwa mara moja. Ubongo umefungiwa ndani ya mfupa. Uvimbe hauna pa kwenda.

Nikasubiri. Nilihesabu zile wiki 5 kwa mishono ya shuka moja niliyokuwa naitia taraza kitandani.

Nilianza ARV mwezi wa 7, na kwa wiki kadhaa nilikuwa mzima kuliko nilivyowahi kuwa. Mwezi wa 9 kichwa kikarudi. Kilekile, macho yakisukumwa. Nilidhani nimekwisha. Nilianza kupanga nani atamchukua mtoto. Wakanilaza ubavu tena, sindano tena, na kichupa kikainuliwa dirishani.

Maji yalikuwa na ukungu.

Daktari alitabasamu, na mimi nikadhani amechoka. Maabara walihesabu seli nyeupe wakazikuta nyingi. Wakapanda sampuli kuona kama fangasi ataota, hakuota, alikuwa maiti. Kilichoniumiza kilikuwa ni seli zangu mwenyewe, zimerudi, zimesikia, zimetembea mpaka kwenye ubongo, na zinapigana na mizoga. Nilipewa prednisoloni kutuliza kelele, nikaambiwa nisiache hata kidonge kimoja cha ARV. Nililia kwa maumivu, na katikati ya maumivu yale nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu 2017 mwili wangu ulikuwa unaongea.

Kuna jambo la Cape Town ambalo hulitumia sana ninapozungumza na wenzangu. Mwaka 2012 madaktari wa huko walichapisha majaribio ya kuwachoma wagonjwa wa kriptokokasi ule ujumbe wenyewe, interferoni gama, juu ya dawa za kawaida. Wagonjwa 90. Waliochomwa, fangasi walitoweka kwenye maji ya uti wa mgongo kwa kasi zaidi. Sisi wengine hatuipati sindano hiyo. Tunaipata kwa njia ndefu: kidonge kila usiku, virusi vifubae, CD4 ziote tena, nazo zitengeneze ujumbe wao. CD4 zangu za mwisho kupimwa zilikuwa 540.

Kopo la vifungo sasa lina vifungo peke yake. Vidonge vinakaa mezani, vyangu na vya mume wangu, kando ya chupa ya chai, na saa 3 usiku mtoto ndiye anayetukumbusha.

Tangu 2021 ni mwelimisha rika. Natembelea nyumba za wanaoanza dawa wakiwa na CD4 za chini, na za waliokatisha. Kazi hii si ya hisani, na hasira hunipanda nikisikia inaitwa hivyo. Dar es Salaam na Lusaka walifanya utafiti wa watu 1,999 walioanza ARV wakiwa na CD4 chini ya 200, ukachapishwa mwaka 2015. Kundi moja lilipata huduma ya kliniki ya kawaida. Jingine lilipimwa kriptokokasi kwenye damu kabla hajafika kichwani, na likafuatwa na watu wa kawaida kama mimi, waliopewa mafunzo, katika wiki 4 za mwanzo. Vifo katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 28. Kipimo cha ukanda na mtu wa kubisha hodi. Siku hizi hata dripu imepungua: mwaka 2022 utafiti wa nchi 5 za Afrika, Uganda ikiwemo, wagonjwa 814, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, pamoja na vidonge kwa wiki 2, inatosha kushika nafasi ya dripu za kila siku. Usiku mmoja. Mimi nilitetemeka 14.

Mwezi uliopita niliitwa wodini kukaa na kijana wa miaka 24, dereva wa bodaboda, aliyeacha dawa baada ya kuhamia kwa kaka yake. Alikuwa amefumba jicho moja. Nikamuuliza kama akifumbua anaona vitu viwili, akashangaa nimejuaje. Nilimshika mabega kama wifi alivyonishika. Maji yakapanda kwenye mpira, daktari akaangaza huku na huku, nami nikafungua mkoba nikatoa futi, ileile, yenye alama ya kalamu ya bluu kwenye 38. Ikasoma 31. Kichupa kikainuliwa dirishani.

"Ni meupe, dada," kijana akaniambia kwa sauti ya chini, akitafuta uso wangu. "Si ndiyo vizuri?"

Nikavuta kiti karibu zaidi, nikamwambia kwamba dawa ya fangasi inaanza leo na daktari anaijua kazi yake. Kisha nikamuuliza kaka yake anapatikana kwa namba gani, na kama anataka ampigie mwenyewe au nimshikie simu.